Wapikti Walikwenda Wapi? Kazi Iliyobaki Orkney na Shetland

Miaka mia nane hivi iliyopita, mwandishi mmoja wa Norwe ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika historia ya nchi yake kwa Kilatini. Kitabu kinajulikana kama Historia Norwegie. Alipofika kwenye visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, alieleza kwamba wenyeji wa kale wa huko, Wapikti, walikuwa wafupi kama mbilikimo. Asubuhi na jioni walijenga miji kwa ustadi wa kustaajabisha, lakini adhuhuri nguvu ziliwaishia, wakajificha kwa woga ndani ya vijumba vya chini ya ardhi. Kisha maharamia wakavuka bahari kutoka Norwe, wakawaangamiza wote na kuitwaa nchi.

Ya mbilikimo hakuna anayeyaamini leo. Ya kuangamizwa, hata hivyo, bado yanabishaniwa na watu wazima wenye shahada zao, na ubishi wenyewe huwa mkali kuliko mtu anavyotarajia kwa jambo la karne ya 9. Maoni yangu ni kwamba umedumu kwa sababu ushahidi umetafutwa mno kwenye makaburi ya kifahari na hazina za fedha. Majaa, sakafu za nyumba na mifupa ya watu wa kawaida vimekuwa vikisubiri, na sehemu kubwa ya vitu hivyo sasa inaliwa na bahari.

Tuwataje kwanza wahusika. Waandishi wa Kirumi walianza kuwataja Wapikti mwaka 297. Walikaa kaskazini na mashariki mwa Uskoti ya leo, wakiwa na wafalme wenye nguvu. Mwaka 685 mfalme wao Bridei aliwashinda Waangli wa Northumbria na kumuua mfalme wao, Ecgfrith. Waliacha mawe mengi yenye alama za kuchongwa, miongoni mwazo samaki, nyoka, kitana na kioo, ambazo hadi leo hakuna aliyezisoma kwa namna iliyokubalika na wote. Maandishi waliyotuachia ni machache mno. Waviking nao walishambulia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793 na ile ya Iona mwaka 795. Baadaye Orkney ikawa chini ya majarli, yaani watawala, wenye asili ya Norwe, na visiwa vikabaki upande wa Skandinavia mpaka Mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark alipoviweka rehani, Orkney mwaka 1468 na Shetland mwaka 1469, kwa kukosa fedha alizoahidi kutoa binti yake Margaret alipoolewa na James wa Tatu wa Uskoti. Kati ya mwaka 750 na 900, wakati mambo yenyewe yalipotokea, maandishi kuhusu visiwa hivi karibu hayapo kabisa.

Wanaosema Wapikti waliangamizwa wana hoja nzito. Karibu majina yote ya mashamba, vilima na ghuba za Orkney na Shetland ni ya Kinorsi, lugha ya Wanorsi, walowezi kutoka Norwe, na lugha ya Wapikti ilitoweka huko bila kuacha alama za maana katika lugha iliyofuata. Brian Smith, mtunza nyaraka wa Shetland, ameitetea hoja hiyo kwa ukali na ufasaha, akiwakumbusha wenzake kwamba watu hawaachi lugha na majina ya mashamba yao kirahisi wakiwa hai na salama.

Upande wa pili, unaosema wenyeji walibaki na kuishi na wageni, ulipata nguvu pale Buckquoy, Birsay, kaskazini-magharibi mwa kisiwa kikuu cha Orkney. Mwaka 1970 na 1971 Anna Ritchie alichimbua kilima kidogo kilichokuwa kikimegwa na bahari. Chini alikuta nyumba za Wapikti zenye vyumba vya mviringo vilivyoungana. Juu yake zilikuwapo nyumba ndefu za mstatili, zile zinazohusishwa na Wanorsi. Ndani ya nyumba hizo ndefu zilipatikana pini na vitana vya mifupa vya mtindo wa Kipikti. Ritchie akasema: basi wenyeji walikuwapo bado, na wageni walipata vitu kwao kwa njia ya ujirani. Wapinzani walijibu kwamba mtu akichimba msingi wa nyumba juu ya nyumba nyingine huinua vitu vya chini na kuvichanganya na vya juu. Pini moja ya mfupa haiwezi kusema iliangushwa na nani. Miaka zaidi ya 50 imepita, na kila upande bado unaitaja Buckquoy kama shahidi wake.

Kwa hiyo linalotakiwa ni mahali ambapo tabaka za udongo zinafuatana bila kukatika kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, zikichimbuliwa kwa mbinu ambazo Ritchie hakuwa nazo. Yapo machache. Pool, katika kisiwa cha Sanday, palichimbuliwa miaka ya 1980 na kikosi cha John Hunter, na palionyesha kipindi ambacho vyombo na majengo ya asili zote mbili yamechanganyikana. Old Scatness huko Shetland, palipogunduliwa mwaka 1975 barabara ya uwanja wa ndege ilipokuwa ikijengwa, pana mnara wa mawe wa Enzi ya Chuma, kijiji cha Wapikti juu yake, na dalili za Wanorsi juu ya vyote.

Pa tatu ni Swandro, kisiwani Rousay, nami ningepaweka mbele ya vyote kwa sababu ya haraka yake. Mahali hapa pako ufukweni kabisa. Bahari imekwishachukua sehemu ya makazi, na kila dhoruba ya baridi kali huongeza. Kikosi cha Chuo Kikuu cha Bradford, kikiongozwa na Julie Bond na Stephen Dockrill, kilikuwa kikichimbua hapo majira ya joto, kisha kufunika kila kitu kwa mawe na mifuko ya mchanga kabla ya kuondoka, kwa matumaini kwamba mwaka unaofuata watakikuta. Humo walikuta karakana ya fundi wa shaba wa zama za Wapikti, chumba kidogo kilichodidimizwa nusu ardhini ili kiwe na giza, maana fundi husoma joto la chuma au shaba kwa rangi yake. Jiwe la fuawe lilikuwa bado mahali pake. Walipolisafisha waliona madoa meusi, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba madoa hayo ni alama za masizi za viganja na magoti ya fundi mwenyewe, pale alipokuwa akiegemea jiwe akifanya kazi. Si mbali na hapo, kwenye kisiwa hichohicho, mwaka 2019 lilionekana jumba kubwa la Wanorsi, urefu wake si chini ya mita 13. Ni nadra kuwapata wenyeji na wageni katika ufukwe mmoja, wote wakiwa na majaa yao.

Kwamba bahari haingoji bajeti si habari mpya Orkney. Kaburi la boti la Scar, kisiwani Sanday, lilichimbuliwa mwishoni mwa mwaka 1991 katikati ya upepo na baridi, kwa kuwa lisingefika majira ya joto. Upande mmoja wa boti ulikuwa umekwishamegwa. Ndani yake walilazwa mwanamume, mwanamke mzee na mtoto, pamoja na upanga, mishale na kibao cha mfupa wa nyangumi kilichochongwa vichwa vya majoka. Kibao hicho kimepigwa picha mara nyingi. Mama yule mzee, aliyefika umri ambao wachache waliufikia zama hizo, alizaliwa wapi? Kwangu mimi swali hilo lina uzito kuliko kibao.

Hapo ndipo maabara inapoingia, na ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Upimaji wa kaboni-14 una mtego wake visiwani. Kaboni iliyomo baharini ni ya zamani kuliko ile ya hewani kwa miaka 400 hivi, na mtu aliyekula samaki wengi huibeba mifupani mwake, akaonekana kafa zamani kuliko ukweli. Swali letu lote linabanwa katika karne moja. Kosa la miaka 100 linatosha kumfanya Mviking kuwa Mpikti, na mjadala mzima ukapinduka. Dawa yake ni kupima pia isotopu za kaboni na nitrojeni zinazoonyesha mlo wa marehemu, kisha kusahihisha tarehe. Tarehe nyingi zilizopimwa miaka ya 1970 na 1980 hazikusahihishwa hivyo, na zinahitaji kupimwa upya kabla ya mtu yeyote kuzijengea nadharia. Kwenye makazi yenyewe, njia salama ni kupima punje za shayiri zilizoungua mekoni, kwa kuwa punje ni ya mavuno ya mwaka mmoja. Mbao hazisaidii sana. Visiwa hivi karibu havina miti, na gogo lililoungua jikoni huenda lilikuwa limeelea baharini miaka mingi, au lilitolewa kwenye nyumba kuukuu.

Vinasaba navyo vimekwishaanza kuvuruga mambo kwa namna nzuri. Utafiti wa Waviking uliochapishwa mwaka 2020 ulipima masalia ya watu 442 kutoka Ulaya na Greenland. Wawili kati yao walizikwa Orkney kwa desturi za Waviking, lakini kinasaba walifanana na watu wa Uskoti na Ireland. Yaani waliozikwa kwa mtindo wa wageni walikuwa, kwa asili, wenyeji. Watu wawili hawatoshi kuikanusha hoja ya Smith, ila yule anayedai kwamba hakuna Mpikti aliyebaki ana deni la kuwaeleza. Kabla ya hapo, vinasaba vya wakazi wa leo vilikuwa vimeashiria kwamba Wanorsi walihamia Orkney na Shetland kifamilia, wanaume kwa wanawake, tofauti na Iceland ambako wanawake wengi wa mwanzo walitoka Uskoti na Ireland. Tatizo ni kwamba damu ya mkazi wa leo imepitia karne nyingi za uhamaji baada ya Waviking, kutoka Norwe na kutoka bara la Uskoti pia. Haiwezi kutuambia nani alifika mwaka 850 na nani mwaka 1350. Mifupa yenye tarehe iliyosahihishwa inaweza.

Na mifupa ipo. Kwenye ghuba ya Newark, Deerness, makaburi takriban 250 yalichimbuliwa miaka ya 1960 na 1970, yakianzia zama za Wapikti na kuendelea hadi Enzi za Kati. Mchanga wenye makombe huko visiwani huhifadhi mifupa vizuri sana. Ningeshauri wapimwe wa matabaka yote, wakiwamo watoto na wale waliozikwa bila kitu chochote, badala ya kuwakimbilia wenye panga kama ilivyozoeleka. Isotopu za stronti na oksijeni kwenye meno zingeonyesha nani alikulia kisiwani na nani ng'ambo, na tukapata kizazi cha kwanza tukikitofautisha na wajukuu. Ila kila kipimo humaliza kipande cha jino au mfupa, hivyo maabara tatu zisije zikatoboa jino lilelile kwa swali lilelile.

Chakula na vyombo vinasaidia pia. Wanorsi walileta bakuli za jiwe la sabuni, jiwe la aina ileile inayochongwa Kisii, na Shetland ina machimbo yake pale Catpund ambako mashimo ya bakuli zilizokatwa mwambani yanaonekana hadi leo. Kilimo cha kitani kinaonekana kwa wazi zaidi baada ya wao kufika. Kwenye majaa ya Quoygrew, kisiwani Westray, kikosi cha James Barrett kilionyesha jinsi uvuvi wa samaki wakubwa wa maji ya kina ulivyopanda kuanzia karibu mwaka 1000. Hiyo ni karne nzima na zaidi baada ya walowezi wa kwanza, kwa hiyo haifai kuchukuliwa kama alama ya kuwasili kwao, ingawa hufanywa hivyo.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji koleo. Iain Crawford alichimbua The Udal, huko North Uist katika visiwa vya magharibi, kuanzia mwaka 1963 kwa zaidi ya miaka 30. Huko nako Wanorsi walijenga juu ya wenyeji, na Crawford aliamini kwamba walifika kwa mabavu. Alifariki bila kuchapisha ripoti kamili. Wafadhili hupenda kulipia shimo jipya linalopigwa picha. Kumlipa mtu akae miaka minne akipanga mifuko ya vigae na madaftari ya marehemu ni shida. Binafsi ningesitisha shimo moja jipya kati ya kila matatu na kuzipeleka fedha zake huko, isipokuwa pale tu ambapo bahari imekwishafika mlangoni.

Bara la Uskoti lina taabu tofauti. Udongo wake wenye asidi huyeyusha mifupa, na majembe ya karne nyingi yamekwangua sakafu. Gordon Noble na wenzake wa Chuo Kikuu cha Aberdeen wamefanya makubwa Rhynie, Burghead na Tap o' Noth, ambako mamia ya vitako vya vibanda vimeonekana kileleni mwa kilima. Portmahomack, monasteri ya Wapikti iliyochimbuliwa na Martin Carver kuanzia mwaka 1994, iliungua karibu mwaka 800. Utengenezaji wa ngozi za kuandikia ukakoma, lakini mafundi wa madini wakarudi kazini. Nani aliwaagiza kazi baada ya moto? Jibu linaweza kuwa kaskazini zaidi, Caithness, ng'ambo tu ya mlango-bahari kutoka Orkney, ambako Wanorsi na Wapikti lazima walipakana kwa vizazi kadhaa. Pale Freswick Links mawimbi yamekuwa yakifukua majaa ya Wanorsi kwa muda mrefu, na shamba la Wapikti la karne ya 8 lililochimbuliwa kikamilifu jirani na hapo bado hatuna.