Kuhamahama: Neno na Historia ya Malisho ya Wamaasai

Aghalabu mfugaji wa nyanda kame huitwa kwa Kiswahili mhamahamaji. Urudufishaji huo wa kitenzi hama si jambo dogo, kwani katika vitenzi kama tangatanga na yumbayumba umbo hilo hubeba maana ya mwendo usio na dira. Yafaa kuuliza iwapo historia inaliafiki neno hilo.

Ushahidi wa Wamaasai walikanusha. Malisho yao yaligawanywa kwa majira: nyanda za chini zililishwa wakati wa mvua, na nyanda za juu zenye maji ya kudumu ziliwekwa akiba ya kiangazi. Karibu na maboma palitengwa olopololi, malisho ya ndama na wanyama dhaifu. Aliyehama alijua aendako na sababu ya kwenda.

Utaratibu huo ulitikiswa na maafa ya mwishoni mwa karne ya 19, yaitwayo Emutai, yaani maangamizi. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na ukame ukafuata. Hata hivyo, waliosalia walijikusanya upya, wengine wakiwa wamehifadhiwa na majirani wakulima. Lililokuja baadaye halikutoka mbinguni. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho bora ya Bonde la Ufa, wakagawanywa kati ya Laikipia na kusini. Na kwa mkataba wa 1911 wale wa Laikipia nao wakahamishiwa kusini. Walipodai haki yao, mahakama iliitupilia mbali kesi mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola na dola. Basi akiba ya kiangazi ilipotea, ingawa mvua haikubadili desturi yake ya kukosekana.

Baada ya Uhuru, sheria ya 1968 iliunda ranchi za vikundi, na nyingi kati ya hizo zikaja kugawanywa kuwa viwanja vya watu binafsi. Ukame wa 2020 hadi 2023, ambamo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, uliwakuta wafugaji kati ya nyua. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Wanasayansi wameonyesha kwamba ongezeko la joto duniani lilizidisha sana uwezekano wa ukame huo. Ni kweli kwamba eneo lililokauka lilikuwa pana mno hata kwa aliyeweza kuhama. Lakini aliyezuiwa kuhama hakuwa na hata nafasi ya kujaribu.

Hapana budi, basi, wanaleksikografia walitazame upya neno hili. Kamusi ikimweleza mfugaji kuwa ni mtu asiye na makazi maalumu, humnyima ardhi kwa maneno kabla hajanyimwa kwa sheria. Maelezo ya haki yangetaja majira, malisho na marejeo, kwani mfugaji huhama ili apate kurudi.