Koili, Udongo Mwekundu na Mabaki ya Vita vya Siku Sita

Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mji huu, na mamia ya raia waliuawa. Mengine hayakulipuka, yalizama udongoni, yakawaachia wategua mabomu kazi ya miaka mingi. Ndiyo maana, mtu wa Kisangani anapojitengenezea mashine ya kutafuta metali, swali la koili ni swali la uhai. Nashikilia kwamba koili, yaani ule mviringo wa waya wa shaba unaopitishwa juu ya ardhi, ndiyo inayoamua mashine itaona nini na itapita juu ya nini bila kulia.

Historia inathibitisha hilo mapema. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell aliitwa kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Chombo chake kilifanya kazi kwenye majaribio, lakini kando ya mgonjwa kilitoa sauti za kupotosha, na lawama kubwa iliangukia springi za chuma za godoro. Koili husikia kila metali iliyo karibu, iwe inatafutwa au la. Udongo nao una sauti yake, na udongo wetu mwekundu umejaa oksidi za chuma. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huweka koili mbili zenye umbo la herufi D zinazopandana kidogo, moja ikituma na nyingine ikipokea, zikisawazishwa ili kelele ya ardhi ipungue.

Ukubwa nao una gharama yake. Koili pana ya mita moja hufikia kombora kubwa lililozama, lakini kipande kidogo cha metali hupotea ndani ya uga wake mpana. Koili ya sentimita 20 hukamata kipande hicho, ila nguvu yake hufifia upesi kadiri kina kinavyoongezeka. Kuna mabomu ya ardhini yaliyotengenezwa kwa plastiki, yenye gramu chache tu za metali. Fundi aliyesuka koili yake ili kutafuta dhahabu amekwisha kuchagua, pengine bila kujua, hatari ambazo hataziona.

Wapo watakaosema kwamba hata mashine ya Józef Kosacki, mhandisi wa Poland aliyebuni kigunduzi cha mabomu mwaka 1941, ilitokana na ubunifu wa dharura, hivyo ya kujitengenezea nayo inatosha. Ni kweli ilitokana na dharura, na mashine 500 hivi zilitumika katika mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942. Lakini zilipimwa kwanza, zikashikwa na askari waliofunzwa, na kila mlio ulifuatiwa na mkono ulioujua utaratibu. Wengine watasema mji umeshasafishwa. Wategua mabomu wamefanya kazi kubwa, lakini ukimya wa koili isiyopimwa hauthibitishi kwamba ardhi ni salama.

Vijana wasuke koili, wapime mizunguko, wajifunze sumaku na umeme. Kisangani inawahitaji mafundi hao. Wafanyie majaribio kwenye sanduku la mchanga walilolijaza wenyewe. Na yeyote atakayeona kombora asiliguse wala asilichimbe: aondoke kwa kufuata njia aliyojia, awazuie watoto, kisha awaarifu viongozi wa mtaa ili wategua mabomu waitwe.