Istilahi za Mamlaka ya Mahakama katika Mashauri ya Mikataba

Mkataba unapovunjwa na mdai akakimbilia mahakamani, hakimu hana budi kujiuliza, kabla ya kutafuta nani mwenye kosa, kama mahakama yake ina mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. Hukumu ya mahakama isiyo na mamlaka ni batili, hata ikiwa ushahidi ulikuwa timamu; na wadaawa hawawezi kuipa mahakama mamlaka isiyokuwa nayo kwa kukubaliana wao wenyewe. Kwa Kiswahili neno ni moja, lakini ndani yake mna maswali manne: mamlaka juu ya nani, mahali gani, kwa thamani gani, na kwa daraja gani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maswali hayo yalivyoingia katika mahakama zetu, ili mfasiri ajue ni lipi analolifasiri.

Swali la kwanza, la mtu, ndilo lililotawala Unguja katika karne ya 19. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano na Marekani, na mwaka 1839 na Uingereza. Kwa mapatano hayo ya pili, raia wa Sultani aliyemdai Mwingereza alipeleka shauri lake kwa balozi mdogo wa Uingereza. Mwingereza aliyemdai raia wa Sultani alilipeleka mbele ya utawala wa Sultani. Hivyo deni la karafuu au pembe lililotokana na mapatano yale yale liliweza kuamuliwa na mabaraza mawili tofauti, kwa kutegemea nani aliyedaiwa. Katika Kiswahili cha zamani neno hukumu lilibeba maana zote mbili, uamuzi na mamlaka. Kuwa chini ya hukumu ya mtu kulikuwa ni kuwa chini ya mamlaka yake.

Tanganyika nayo ilijua ubaguzi wa namna hiyo. Amri ya mwaka 1920 iliunda Mahakama Kuu na kuleta sheria za mwenendo kutoka India. Sheria ya mwaka 1929 iliziweka mahakama za wenyeji chini ya maofisa wa utawala, na rufani zake hazikufika Mahakama Kuu. Mwenye duka Mhindi aliyemdai mkulima Mwafrika hakuweza kumshtaki huko, kwa kuwa mahakama hizo zilikuwa za Waafrika peke yao. Mfumo huo wa pande mbili ulikomeshwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyoweka ngazi moja kwa watu wote kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Rangi ya mdaawa ilipoondoka, maswali matatu yaliyobaki yalipata uzito zaidi. La mahali linajibiwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966. Mdai hufungua shauri pale mdaiwa anapoishi au kufanya kazi, ama pale sababu ya madai ilipozuka, yote au sehemu yake. Mfanyabiashara wa Tanga akimuuzia mtu wa Mwanza bidhaa, na malipo yakawa ni ya kufanywa Tanga, anaweza kushtaki Mwanza anakoishi mdaiwa, au Tanga ambako malipo hayakufika.

La thamani hutegemea kiasi kinachodaiwa. Sheria hutaja kikomo kwa mahakama za chini, nacho kimebadilishwa mara kadhaa. Sheria ile ya 1966 inaagiza pia kwamba shauri lifunguliwe katika mahakama ya daraja la chini kabisa inayoruhusiwa kulisikiliza.

Swali la nne ni la daraja. Mahakama Kuu husikiliza mashauri makubwa kwa mara ya kwanza, na pia rufani kutoka chini. Rufani kutoka Mahakama Kuu zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977; Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979. Hapa mfasiri ana mtego. Akiandika “mamlaka ya mwanzo” kwa maana ya kusikiliza shauri kwa mara ya kwanza, msomaji atadhani inazungumzwa Mahakama ya Mwanzo, ilhali Mahakama Kuu nayo ina mamlaka hayo. Afadhali aseme “mamlaka ya awali”, na kwa upande wa pili “mamlaka ya rufani”.

Vivyo hivyo yafaa kuandika “mamlaka ya eneo” na “mamlaka ya kifedha”, na kutoliacha neno mamlaka peke yake panapokuwa na shaka. Katika Katiba ya 1977 neno hilo hilo hutumika kwa nguvu za dola na kwa mipaka ya mahakama. Na mitaani hutajwa hata idara za serikali. Kwa upande mwingine, “uwezo” tuuachie masharti ya mikataba yenyewe, yaani hali ya mtu kuwa na umri na akili timamu ya kufunga mkataba.

Jambo hili si la wanasheria peke yao. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, Kiingereza kikiruhusiwa panapohitajika. Mwananchi anayesoma kwamba shauri lake limetupwa “kwa kukosa mamlaka” ana haki ya kujua kama alikosea mji, kiasi au daraja, maana akijua hilo atajua pia mlango wa kubisha tena.