Jasho la Mwimbaji

Ukishuka pantoni Magogoni ukashika njia ya Kariakoo, si ajabu kusikia, dukani au barazani, nyimbo za zamani za Msondo. Wanazuoni wana maneno yao juu ya muziki. Ubishi huo leo tuuache. Tunataka kukuonyesha jambo la haki.

Bendi hii ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi cha NUTA, kilichoundwa mwaka huo huo. Ala zilikuwa za chama, na wanamuziki wakipokea mshahara wa mwezi kama makarani. Hilo halikuwa jambo dogo, kwani wenzao wengi walitegemea viingilio vya mlangoni. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na mwisho Msondo Ngoma.

Miongoni mwa waimbaji wake wa mwanzo alikuwa Muhidini Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, mwaka 1940. Mwaka 1978 alitoka, akawa katika waanzilishi wa Mlimani Park. Baadaye akarudi kwa wenzake wa zamani. Sauti yake, iliyorekodiwa Radio Tanzania, iliingia majumbani nchi nzima kwa karibu miaka 50.

Alipostaafu mwaka 2013, mzee huyu hakuwa na gari. Mwimbaji kijana, Diamond Platnumz, ndiye aliyemzawadia. Aprili 2014 akafariki dunia; Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kijana yule alitenda wema, na wema husifiwa. Lakini zawadi ni zawadi, na haki ni haki. Mshahara ulilipa usiku wa kuimba. Wimbo wenyewe ukaendelea kufanya kazi miaka na miaka, na aliyeutunga akizeeka. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilipokuja, wengi walikuwa wamekwisha kuchoka.

Dini yetu imetufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Basi tusiwanyooshee vidole wenye bendi na redio peke yao. Tazama nyumbani kwako: fundi cherehani, dobi, mwalimu wa chuoni anayewasomesha wanao. Je, umewalipa? Mpe mtu haki yake angali hai. Ubani wa matangani haulipi deni.