Debe, Pipa na Kisima: Mafuta katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Mafuta yaliyoipatia Malindi jina katika masoko ya ng'ambo, zamani kabla ya mtu yeyote kufikiri habari ya kuchimba, yalikuwa mafuta ya mbegu. Mji huo, uliokuwa umebaki magofu na vichaka kwa muda mrefu, ulipofufuliwa na dola ya Zanzibar katika zama za Sayyid Said na mwanawe Sayyid Majid, nchi ya nyuma yake ilifyekwa ikalimwa mtama na simsim kwa mikono ya watumwa. Na simsim hiyo, baada ya kupakiwa majahazini na kufikishwa Unguja, ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kifaransa walioipeleka Marseille ikakamuliwe mafuta ya kuundia sabuni. Iliyobaki nyumbani ilitiwa katika shinikizo, kinu kile kikubwa cha gogo ambacho katika miji ya pwani kilizungushwa na ngamia, ikatoka uto wa kupikia, wa kujipaka na wa kutilia taa. Si habari ya kupambwa: utajiri ule ulibebwa na watu wasiokuwa na hiari, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907.

Kando ya uto kulikuwa na sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake humpokea mgeni kabla hajaufikia ufuo, na mabaharia waliyapaka mbao za vyombo zisipasuke kwa jua. Na sehemu ya chombo izamayo majini ilipakwa deheni, yaani chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu, ili wadudu wa bahari wasiile. Kila mafuta yalikuwa na fundi wake na kipimo chake, na aliyeyataja alikuwa ameitaja pia kazi iliyoyahitaji. Kwa hiyo istilahi za mafuta hazikuwa jambo geni kwa watu hawa ilipoingia bidhaa mpya iliyotoka Marekani na Urusi. Jambo geni ni kwamba mafuta hayo yalikuja pamoja na chombo chake.

Chombo hicho ni debe. Mafuta ya taa yalisafirishwa ndani ya makopo ya bati ya pembe nne, kila moja likichukua galoni 4 za Kiingereza, ambazo ni lita 18 na kidogo, na makopo mawili yakiwekwa pamoja katika sanduku moja la mbao. Hata baada ya mwaka 1892, meli ya Murex ya tajiri Marcus Samuel ilipovuka Mfereji wa Suez na shehena ya mafuta ya Urusi iliyomiminwa katika matangi yake pasi na sanduku wala kopo, bandari ndogo ndogo na maduka ya vijijini yaliendelea kwa miaka mingi kuyajua mafuta kwa debe tu, kwa kuwa mahali pasipo na gati, wala tangi, wala barabara ya gari, mzigo ni ule unaoweza kubebwa begani au kichwani.

Na debe lilipokwisha kumwagwa ndipo lilipoanza maisha yake hasa. Wanawake walilichotea maji, wagema walilitilia tembo, maskini alilipasua, akalinyosha, akaliezekea paa au akalizungushia ukuta, na fundi wa bati alilikata vipande akatengeneza kibatari cha utambi wa pamba, hata ikawa kopo lililoleta mafuta linayachoma yale yaliyoletwa na ndugu yake. Zaidi ya hayo likawa kipimo. Pishi na kibaba, vilivyokuwa vimehukumu biashara ya nafaka tangu zama za Masultani, vilirudi nyuma hatua kwa hatua, kwani debe lililojazwa mahindi uzito wake haukuwa mbali na frasila, nalo lilikuwa na fadhila moja kubwa, kwamba lilitoka kiwandani sawasawa na mengine yote, na mwenye duka hangeweza kulipunguza ila kwa kulibonyeza ubavu, hila ambayo mnunuzi huiona kwa macho yake. Nathubutu kusema kwamba hakuna kampuni ya mafuta iliyoacha katika pwani hii urithi wa kudumu kuliko makopo yake matupu.

Pipa ni habari nyingine. Pipa la wauza mafuta wa dunia, lenye galoni 42 za Kimarekani, yaani lita zipatazo 159, ni kipimo kilichokubaliwa na wachimbaji wa Pennsylvania katika karne ya 19, na siku hizi limebaki hesabu tupu, maana mafuta ghafi hupita katika mabomba na matangi ya meli. Mtu wa Kilifi aliyesikia redioni kwamba bei ya pipa imepanda, huku yeye akinunua mafuta yake kwa chupa, alilijua jambo hilo kwa matokeo yake tu: kwa nauli ya gari, na kwa utambi wa taa uliopaswa kushushwa mapema zaidi usiku.

Walakini pigo la kwanza kubwa ambalo mafuta ya ardhini yaliipiga pwani hii halikuja kwa njia ya bei, na waandishi wengi hulipita bila kulitazama. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende, chumvi na mazulia, yakapanda na kusi yakichukua boriti za mikoko, ambazo katika nchi isiyokuwa na miti ndizo zilizobeba dari za nyumba na kuamua upana wa vyumba. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mnamo 1938 na 1939, aliikuta biashara hiyo ingali hai. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, Abu Dhabi mwaka 1962 na Oman mwaka 1967; na watu waliopata fedha ya kununua chuma na saruji hawakuwa tena na haja ya boriti za mikoko, wala vijana wao hawakuona sababu ya kukaa miezi tanga na kamba mikononi hali ya kuwa visima vililipa mshahara. Majahazi yakapungua mwaka hata mwaka. Badala yake waliosafiri ni wana wa pwani, wakielekea Ghuba kutafuta kazi, na miongoni mwa Waswahili wa Oman, hususan wale waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, wakapatikana wahandisi na makarani wa mafuta waliojua Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha kazini.

Uchimbaji nao ulikuwa umekwisha kuanza upande wetu. Kampuni za BP na Shell zilianza kutafuta mafuta nchini Kenya mwaka 1954, na visima kumi walivyovichimba havikuleta mafuta ya kuuzwa. Visima vya nchi kavu, vya kwao na vya wengine, vilipewa majina ya mahali, kama Dodori, Pate na Kipini. Lakini wachimbaji walipoingia baharini, mahali pasipo na kijiji cha kuazima jina, walivipa majina waliyoyapenda: Simba mwaka 1978, Maridadi mwaka 1982, Kofia mwaka 1985. Yalikuwa majina ya Kiswahili yaliyobandikwa juu ya kazi ambayo kila neno lake jingine lilisemwa kwa lugha ya kigeni.

Wakati huohuo watu wa Ngomeni walikuwa na jukwaa la mafuta mbele ya macho yao, ila halikuchimba mafuta. Waitaliano waliojenga kituo cha San Marco katika ghuba ya Ungwana waliyatumia majukwaa mawili ya baharini, na lile la Santa Rita lilikuwa hapo awali la kuchimbia mafuta; kutoka kituo hicho, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setelaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza miale ya eksirei ya mbinguni. Sijui kisima chochote cha pwani hii kilichofanya kazi ya maana kama jukwaa hilo lililoacha kuchimba.

Mwaka 2012 ilikuja zamu ya Mbawa, kisima kilichochimbwa na kampuni ya Apache katika kitalu L8, mbele ya Malindi, penye maji ya kina cha zaidi ya mita 800. Mnamo Septemba ilitangazwa kwamba gesi asilia imepatikana katika tabaka lenye unene wa mita 52, ya kwanza kuonekana katika bahari ya Kenya. Kisha ikaelezwa kwamba gesi hiyo haitoshi kulipa gharama yake, na kisima kikaachwa. Katika hesabu ya wachimbaji kisima hupimwa kwa faida, si kwa kuwamo au kutokuwamo kitu, na msikilizaji aliyeambiwa kwamba gesi ipo na tena haipo alikuwa na haki ya kushangaa. Baada yake vilikuja Kubwa na Kiboko mwaka 2013, halafu Mlima, ambacho kampuni ya Kitaliano ya Eni ilikianza mwishoni mwa 2021 katika kitalu L11B na kukikuta kikavu.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imekwisha kuyagawa mapato ya serikali kabla hayajapatikana: asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali, ambayo sheria inaitambua kwa kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa. Tafsiri hiyo yafaa sana kwa Turkana, ambako kisima kimo katika ardhi ya watu wanaojulikana. Lakini wavuvi wa Ngomeni, wa Mayungu, wa Watamu na wa Takaungu wote huivua bahari moja, na mahali kama pale Mbawa ilipochimbwa hapamo katika kaunti ndogo ya Magarini, wala ya Malindi, wala ya Kilifi Kaskazini. Bunge halijalazimika kulijibu suala hilo, kwani katika bahari yote hiyo halijauzwa hata pipa moja.