Magofu ya Tongoni

Magofu ya Tongoni ni mabaki ya mji wa kale wa Waswahili kwenye pwani ya Bahari Hindi nchini Tanzania. Yako takriban km 20 kusini mwa jiji la Tanga, karibu na barabara iendayo Pangani. Yaliyobaki ni msikiti mmoja na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya karne ya 14 na 15.

Jina na historia

Tongo ni mahali palipohamwa na watu. Hivyo Tongoni ni penye mahame. Zamani eneo hili lilijulikana kama Mtang'ata.

Mwezi wa Aprili 1498 São Rafael, mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya karibu, ikanasuka maji yalipojaa. Januari 1499, wakirudi kutoka Uhindi, Wareno waliiteketeza merikebu hiyo pwani hiyohiyo. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote.

Majengo

Msikiti ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa halipo tena. Kibla kiko upande wa kaskazini, kwa kuwa Makka iko kaskazini mwa pwani hii.

Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, mtindo unaoonekana pia Kaole karibu na Bagamoyo na Gede nchini Kenya. Nguzo nyingi zimeanguka. Kwenye makaburi kuna mashimo ya mviringo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri, mengine kutoka China. Mabakuli yenyewe yameondolewa, lakini mashimo yanashuhudia kwamba mji huu ulifanya biashara na nchi za mbali.

Uhifadhi

Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mvua, mizizi ya miti na hewa ya chumvi hulegeza chokaa, na mgeni anayepanda juu ya kuta au kuokota kigae huongeza uharibifu. Kigae kikitolewa mahali pake, mtaalamu hawezi tena kujua kilikuwa cha jengo gani wala cha wakati gani. Kwa mji ambao nyumba zake hazionekani tena, makaburi na vigae hivyo ndiyo kumbukumbu kubwa iliyobaki.