Masomo ya majira ya joto nje ya nchi: mwanafunzi mkimbizi aanze wapi

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na vichache vya hapa Afrika, hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi kwa masomo mafupi ya wiki mbili hadi sita. Huyaita masomo ya majira ya joto kwa sababu huko ndiyo likizo ndefu ya mwaka. Kwetu Uganda miezi hiyo ni katikati ya muhula wa pili, kwa hiyo anayekwenda anaacha darasa likiendelea. Hilo tutalirudia.

Makala hii ni kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo wanaoishi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, pamoja na wazazi, walezi na walimu wao. Wanafunzi wa jamii wenyeji nao watakuta yanayowahusu, ingawa njia yao ni fupi zaidi.

Wengi hudhani kazi kubwa ni kupata nafasi. Kwa mkimbizi, kazi kubwa ni kupata kijitabu cha kusafiria, tena chenye muda wa kutosha wa kumrudisha. Mwanafunzi mmoja wa S5 alikuja ofisini kwetu akiwa na barua ya mwaliko mkononi na tiketi iliyokwisha kulipiwa. Hati ya kusafiria alikuwa ameiomba baada ya kupokea barua hiyo. Masomo yalianza, yakaisha, na wenzake wakarudi makwao akiwa bado anasubiri. Hakuna aliyemdhulumu. Alianza tu na kitu kilichopaswa kuja cha pili.

Programu zenyewe

Baadhi ni za wanafunzi wa sekondari. Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, kwa mfano, kina programu ya Yale Young African Scholars kwa wanafunzi wa sekondari wa Afrika, ambayo imewahi kufanyika Ghana, Rwanda na Zimbabwe. Mafunzo, malazi na chakula havilipiwi, na anayeshindwa nauli huweza kuomba msaada wa nauli. Chuo hichohicho kina programu nyingine, Yale Young Global Scholars, inayofanyika kampasini kwake New Haven. Hiyo ina ada, lakini familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba ipunguziwe au isamehewe.

Kwa wanafunzi wa chuo kikuu, shirika la Ujerumani la DAAD hutoa ufadhili wa kozi za majira ya joto katika vyuo vya Ujerumani, hasa kwa wanaojifunza Kijerumani. Maombi ya programu nyingi hufungwa miezi mingi kabla ya safari. Ukisikia habari zake mwezi wa Mei, jiandae kwa mwaka unaofuata.

Programu hizi hazitoi shahada, na si njia ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Unachorudi nacho ni cheti, walimu wanaoweza kukuandikia barua ya kukupendekeza, na uzoefu utakaokusaidia unapoomba ufadhili mkubwa zaidi. Si kitu kidogo.

Hati ya kusafiria ya mkimbizi (CTD)

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 28, unaitaka nchi iliyompokea mkimbizi impe hati ya kusafiri nje ya nchi hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inaitambua haki hiyo. Maombi hupitia Idara ya Wakimbizi ya Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), na idara ya uhamiaji nayo ina sehemu yake. Usitegemee kwamba wiki mbili zitatosha. Anza miezi sita kabla, na ukiweza mwaka mzima. Ada iulize dirishani na udai risiti.

Anayepewa CTD ni mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa. Kama bado wewe ni mwomba hifadhi, yaani kesi yako haijaamuliwa, fuatilia uamuzi huo kwanza.

Ukikipata kijitabu, kisome chote kabla ya kukiweka sandukuni. Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Nchi za Schengen hutaka hati iwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya siku unayotarajia kuondoka kwao, na nchi nyingine hutaka zaidi. La pili ni haki ya kurudi. Kwa Mkataba, nchi iliyotoa CTD inapaswa kumpokea tena mwenye hati wakati wowote hati ikiwa hai, lakini katika hali maalumu inaruhusiwa kuweka muda mfupi zaidi wa kurudi, usiopungua miezi mitatu. Kama muda huo umeandikwa kwenye kijitabu chako, ndio unaohesabika. Ubalozi utautazama, na wewe utazame kabla yao.

La tatu ni nchi ambazo hati haifiki. Kwa kawaida CTD huandikwa kwamba ni halali kwa nchi zote isipokuwa nchi uliyoikimbia. Mkimbizi kutoka Rwanda aliyepata nafasi katika kozi inayofanyika Kigali hawezi kuitumia kwenda huko, hata kama mwaliko ni wa kweli. Angalia pia ndege inapita wapi. Tiketi nyingi za bei nafuu kutoka Entebbe hupitia Addis Ababa au Kigali, na anayekata tiketi ofisini Ulaya hajui kwamba abiria wake alikimbia Ethiopia au Rwanda. Mwandikie mapema umwombe njia nyingine.

Wapo wanaoshauriwa na jamaa kwenda ubalozi wa nchi yao ya asili kuchukua pasipoti, kwa kuwa ni haraka zaidi. Fikiri mara mbili, na uliza mwanasheria wa shirika la msaada wa sheria kwanza. Kuchukua pasipoti ya nchi uliyoikimbia kunaweza kuhesabiwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na Mkataba wa 1951 unalitaja hilo kuwa moja ya sababu za mtu kukoma kuwa mkimbizi. Kozi ya wiki tatu haistahili kuhatarisha hifadhi ya familia nzima.

Kwa mwanafunzi Mganda mambo ni tofauti. Raia wa Uganda anaweza kuingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Wanafunzi wawili wa dawati moja, mmoja mwenyeji na mmoja mkimbizi, wakialikwa pamoja Kigali au Nairobi, yule wa kwanza anaweza kupanda basi wiki hiyohiyo. Kitambulisho cha mkimbizi hakivushi mpaka. Walimu wanaopeleka kikundi cha mchanganyiko walijue hili kabla ya kutangaza majina mbele ya shule, maana mtoto anayesomewa jina lake kisha akaachwa haisahau siku hiyo.

Jina moja kila mahali

Hapa ndipo penye usumbufu mwingi usiotarajiwa. Mkongo ana jina, jina la baba na jina la ubatizo. Wakati wa kuandikishwa mpakani afisa aliandika mawili, shuleni mwalimu akaandika mengine mawili, na kwenye cheti cha UNEB herufi moja ikabadilika: Byamungu akawa Biamungu. Tarehe ya kuzaliwa nayo kwenye karatasi ya familia ni 1 Januari, kwa sababu siku ile mama hakuikumbuka, lakini shuleni imeandikwa nyingine.

Mwandikaji wa viza haijui historia hiyo. Anaona watu wawili. Kabla ya kujaza fomu yoyote, weka mezani atestesheni, kitambulisho, cheti cha mtihani na kadi ya chanjo, uvilinganishe herufi kwa herufi. Kosa lililo kwenye rekodi za ukimbizi peleka OPM wakati wa siku za marekebisho. Lililo shuleni peleka kwa mwalimu mkuu kabla ya kusajiliwa kwa mtihani, kwa sababu baadaye ni vigumu zaidi. Programu utakayoomba iandikie jina kama lilivyo kwenye CTD, hata kama hulipendi.

Viza

Ukienda Ulaya kwa kozi isiyozidi siku 90, katika nchi nyingi utaomba viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15. Kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Unahitaji bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, lakini kanuni za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi wanaosafiri kwa masomo au mafunzo, pamoja na walimu wanaowasindikiza. Sijui ni wanafunzi wangapi waliolipa bila kulijua hili. Msamaha huo hauhusu malipo ya kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi.

Uliza pia kama nchi unayokwenda inaitambua CTD ya Uganda, na kama maombi yanapokelewa Kampala. Baadhi ya nchi huwapeleka waombaji Nairobi, na hapo utahitaji CTD kuvuka mpaka hata kabla ya viza. Raia wa Congo, Somalia, Eritrea na Ethiopia, hata wakipita tu uwanja wa ndege wa nchi ya Schengen bila kutoka nje, hutakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani. Kuna wanaosamehewa, kwa mfano aliye na viza halali ya Marekani au Kanada.

Kuhusu Marekani, kuna jambo ambalo ni afadhali ulisikie sasa kuliko dirishani. Amri iliyotolewa Juni 2025 ilisimamisha viza za masomo na za kubadilishana wanafunzi (F, M na J) kwa raia wa Burundi, na ikaweka zuio pana zaidi kwa raia wa Somalia, Sudan na Eritrea. Orodha hiyo imebadilishwa baadaye, hivyo ithibitishe kwa ubalozi kabla ya kulipa chochote. CTD ya Uganda haikufanyi raia wa Uganda. Wanachotazama ni uraia wako.

Kwa wasiozuiwa, swali kubwa la mahojiano ni hili: utarudi? Mkimbizi hana shamba wala nyumba ya kuonyesha, lakini ana vitu vingine. Beba barua ya mwalimu mkuu inayosema nafasi yako inakungoja na mtihani wako ni lini, uthibitisho kwamba wazazi au wadogo zako wako hapa, na CTD yenye haki ya kurudi. Usifiche kwamba wewe ni mkimbizi. Hati yako imekwisha kulisema.

Kwa aliye chini ya miaka 18

Mtoto huhitaji idhini ya maandishi ya wazazi wote wawili au ya mlezi anayetambuliwa. Anayeishi na shangazi au jirani bila karatasi yoyote apite kwanza kwa shirika la ulinzi wa watoto katika makazi, na kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Wataangalia kama safari ni kwa faida ya mtoto na nani atampokea huko. Hatua hii huchukua muda. Usiirukie kwa kumtafutia mtoto "baba" wa kusaini, kwa sababu udanganyifu wa namna hiyo ukigunduliwa humharibia mtoto, si aliyesaini.

Pesa, na wanaozitafuta

Neno "ufadhili kamili" lina maana tofauti kwa kila programu. Waulize kwa barua pepe: mnalipia viza? Bima? Basi la kwenda Kampala mara tatu nne? Familia nyingi zimeuza mbuzi kwa ajili ya nauli ambazo zingeweza kuombwa.

Programu ya kweli haikuombi utume pesa kwa simu ili "kushikiliwa nafasi", wala haimtumii wakala wa kituo cha biashara. Anayedai anaweza kukuharakishia CTD kwa malipo ya pembeni mripoti OPM au UNHCR. Huduma za UNHCR ni bure. UNHCR pia ina tovuti yenye orodha ya nafasi za masomo kwa wakimbizi zilizokaguliwa. Anzia huko kabla ya kuamini ujumbe wa WhatsApp.

Kabla ya kuondoka na baada ya kurudi

Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku 10 kabla ya safari, maana kadi huanza kuwa halali siku hiyo ya kumi. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote, usikubali kuambiwa imekwisha muda.

Ruhusa ya shule iwe ya maandishi. Wa S4 na S6 wafikirie sana, kwa kuwa wanarudi na miezi michache tu kabla ya mitihani ya taifa.

Mjulishe komandanti wa makazi tarehe za kuondoka na kurudi, na ubaki na nakala ya barua. Uhakiki wa alama za vidole ukifanyika haupo, jina lako linaweza kusimamishwa, na mgao wa familia ukapungua. Kama familia ina kesi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ieleze UNHCR safari yako mapema, kwa sababu mahojiano ya familia yakikosa mtu mmoja faili zima linaweza kusimama. Ukirudi, nenda ofisi hiyohiyo ndani ya wiki ya kwanza ukiwa na CTD yenye muhuri wa kuingia Entebbe, waandike kwamba umerejea, kisha uende shule ukachukue madaftari ya wenzako.